Barua ya wazi kwa bodi za kampuni zilizoorodheshwa: swali la mwanahisa huandaliwa kabla ya mkutano

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe wa Bodi za Wakurugenzi wa kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Nakala: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA).



Swali la mwanahisa katika mkutano mkuu wa mwaka ni chombo cha uwajibikaji. Mwenye hisa mia mbili hana kiti kwenye bodi, haoni kumbukumbu za vikao vyake, hapigiwi simu na mkurugenzi mtendaji, na kura yake haiwezi kuzuia azimio ambalo mbia mkuu ameshaliamua. Alichonacho ni saa chache kwa mwaka ambapo bodi, menejimenti na mkaguzi wa nje wanakaa mbele yake, pamoja na haki ya kusimama na kuuliza. Saa hizo zinapotezwa, na sehemu kubwa ya lawama haimwangukii mwanahisa.

Malalamiko ya bodi yanajulikana. Husemwa kwamba wanahisa wadogo hawaulizi mambo ya msingi: wanauliza mbona fulana hazikutosha, mbona nauli haikurudishwa, mbona gawio ni dogo kuliko la mwaka jana. Aliyewahi kuhudhuria mikutano hii hawezi kukana kwamba maswali hayo yapo. Lakini swali la maana linahitaji nyaraka na muda, na vyote viwili viko mikononi mwa bodi. Bodi inayoshikilia nyaraka hadi dakika za mwisho, ikaziandika kwa lugha ambayo wasomaji wengi hawaimudu, kisha ikatenga dakika ishirini za maswali huku harufu ya pilau ikiingia ukumbini, haina sababu ya kushangaa ikiulizwa habari za chakula.

Hoja zenyewe ni hizi.

1. Nyaraka zinachelewa.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka wanahisa wapewe taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka si chini ya siku 21 kabla. Tangazo la gazetini kwa kawaida hutoka kwa wakati. Kinachochelewa ni kitabu chenyewe, yaani taarifa ya mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kuna kampuni ambazo huiweka kwenye tovuti zikiwa zimebaki siku chache, na kuna zile ambazo mwanahisa wa kawaida hukipata kitabu mlangoni, kwenye mfuko mmoja na kofia na chupa ya maji. Anapewa kurasa zaidi ya mia saa tatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri anaombwa anyooshe mkono kuzipitisha. Kampuni zinazotuma mapema zipo na zinajijua. Hoja hii haizihusu.

Siku 21 zina maana moja tu, nayo ni kusoma. Tangazo linalofika kwa wakati bila hesabu linatimiza herufi ya sheria na kuacha lengo lake.

2. Lugha ya kuuzia hisa si lugha ya kutolea hesabu.

Kampuni inapotafuta mtaji wa umma huzungumza Kiswahili kizuri sana. Redio, mabango, magari ya matangazo na vipeperushi vya madalali hueleza hisa ni nini, gawio ni nini, na kwa nini mkulima wa Mbozi au muuza duka wa Kariakoo asibaki nyuma. Mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560 kwa Sh850 kila moja na kukusanya Sh476 bilioni. Maelfu ya Watanzania walinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani katika mauzo hayo. Miaka michache baadaye bei sokoni ilikuwa chini ya ile waliyonunulia.

Mnunuzi wa namna hiyo, wa kampuni yoyote ile, anapotaka kujua bei imeshuka kwa sababu gani, mara nyingi hukutana na kitabu cha Kiingereza cha wahasibu, ambacho hata msomi wa fani nyingine hukisoma kwa shida. Hotuba ya mwenyekiti huenda ikatafsiriwa. Maelezo ya hesabu, ambako ndiko yaliko majibu, hayatafsiriwi.

Udhuru wa kwamba Kiswahili hakina msamiati huo umepitwa na wakati. Mizania, mtiririko wa fedha, mikopo chechefu, pato kwa kila hisa, tengo la hasara: haya yanaandikwa katika kurasa za biashara za magazeti kila wiki. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa jaji anaweza kuandika hukumu ya mgogoro wa mkataba kwa Kiswahili, idara ya fedha ya benki haiwezi kushindwa na muhtasari wa kurasa ishirini.

3. Kazi ya kuandaa swali haiheshimiwi.

Bodi nyingi hazioni kazi iliyo nyuma ya swali zuri, nayo ni hii. Mwanahisa anayejiandaa ipasavyo hazisomi hesabu kuanzia jalada. Picha za wakurugenzi na hotuba za mwanzo huwekwa mbele kwa sababu zinapendeza. Anaanza na ripoti ya mkaguzi wa nje. Tangu ukaguzi wa hesabu za mwaka 2016, viwango vya kimataifa vinamtaka mkaguzi wa kampuni iliyoorodheshwa aeleze mambo makuu ya ukaguzi, yaani sehemu za hesabu zilizomtaka atumie uangalifu kuliko nyingine. Kwa benki, mara nyingi ni tengo la mikopo isiyolipika, yaani kiasi kinachowekwa kando kufidia hasara yake. Kwa kiwanda, huenda ikawa thamani ya mitambo au kesi ya kodi. Mkaguzi amekwisha kuonyesha palipo na uzito, na swali la kwanza la mwanahisa linatoka hapo. Linaweza kuelekezwa kwa mkaguzi mwenyewe, ambaye yupo ukumbini na mara nyingi huondoka bila kuulizwa neno.

Kisha huja taarifa ya mtiririko wa fedha. Faida ni makadirio ya wahasibu kwa sehemu kubwa. Fedha iliyoingia na kutoka ni jambo gumu zaidi kulipamba. Kampuni inayotangaza faida mwaka baada ya mwaka huku fedha itokanayo na shughuli zake ikipungua, na gawio likilipwa kwa mkopo, inapaswa kuulizwa mapema. Kenya ina funzo chungu la kuchelewa. Kampuni ya sukari ya Mumias iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001 na kwa miaka kadhaa ilikuwa fahari ya wanahisa wadogo, wakiwemo wakulima wa miwa. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa niaba ya wadai, kwa sababu ya madeni ya benki. Kwa mwenye hisa wa kawaida, kufikia hatua hiyo hakuna tena swali la kumsaidia, kwa kuwa wadai wote hulipwa kabla yake.

Hatua ya tatu ni miamala kati ya kampuni na wahusika wake: kampuni mama, kampuni tanzu, wakurugenzi na jamaa zao. Kampuni nyingi kubwa za soko la Dar es Salaam zina mbia mkuu wa nje anayelipwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni gawio, ambalo mwanahisa mdogo naye hulipata kwa uwiano wa hisa zake. Njia ya pili ni ada: ya usimamizi, ya huduma za kitaalamu, ya kutumia nembo, riba ya mkopo wa ndani ya kundi. Hapo mwanahisa mdogo hapati kitu, na kila shilingi inayopita njia hiyo inapunguza gawio lake. Si kila ada ni ujanja. Mitambo, mifumo na utaalamu vina bei. Kinachotakiwa ni maelezo.

Hapa ndipo tofauti ya maandalizi huonekana waziwazi. Mwanahisa asiye na nyaraka husimama akauliza: "Kampuni mama itaacha lini kutunyonya?" Ukumbi hupiga makofi, mwenyekiti hutabasamu, na jibu huwa kwamba uhusiano na kampuni mama ni wa manufaa kwa pande zote. Mwanahisa mwenye hofu ileile, aliyepata kitabu wiki tatu kabla, huuliza hivi (tarakimu ni za mfano): "Maelezo namba 34 yanaonyesha kampuni mama ililipwa Sh6.2 bilioni za huduma za kitaalamu, kutoka Sh3.9 bilioni mwaka uliotangulia, wakati mapato yameongezeka kwa asilimia 4 tu. Ni huduma gani iliyoongezeka, ni wakurugenzi gani wasio na uhusiano na kampuni mama walioidhinisha mkataba huo, na mkataba unaisha lini?" Swali la pili halina tusi ndani yake, na halikwepeki. Lina namba ya maelezo, lina kiasi, na lina sehemu tatu ambazo kila moja ina jibu fupi. Mwenyekiti akijibu moja na kuziruka mbili, ukumbi mzima umeona.

Kwa wenye hisa za benki, swali la kuandaliwa kuliko yote ni la mikopo chechefu. Benki Kuu ya Tanzania huichukulia asilimia 5 ya mikopo yote kuwa kikomo kinachovumilika, na benki hupenda kutangaza kwamba zimeshuka chini yake. Uwiano huo hushuka hasa kwa njia tatu: wakopaji wamelipa, benki imekopesha zaidi na kulikuza fungu zima, au mikopo mibaya imefutwa vitabuni. Ya kwanza ni habari njema, ya pili inasubiri kuthibitishwa na muda, ya tatu ni hasara iliyokwisha kutokea. Kwa hiyo kuuliza "kwa nini mikopo chechefu imeshuka" ni kualika hotuba. Kinachostahili kuulizwa ni kiasi gani kililipwa, kiasi gani kilifutwa, na kati ya iliyofutwa, kiasi gani ni cha wakopaji kumi wakubwa.

Ya mwisho hayachukui muda: ada za wakurugenzi zinazoombewa idhini, muda ambao kampuni ya ukaguzi imekuwa kazini na kama inalipwa pia kwa kazi nyingine za ushauri, sera ya gawio, na magawio yasiyodaiwa. Hilo la magawio linastahili kuulizwa kila mwaka. Wanahisa hufariki bila warithi kujua, namba za simu hubadilika, akaunti hufungwa. Fedha hiyo ni kiasi gani, imewekwa wapi, na nani anakula riba yake?

4. Mtandao umefungua mlango na kuufunga.

Janga la Uviko-19 lilizilazimisha kampuni kuhamia mtandaoni. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliruhusu jambo hilo Aprili 2020, na nchini Tanzania pia baadhi ya kampuni zilianza kuwaunganisha wanahisa kwa njia hiyo. Manufaa yake hayabishaniwi. Mwanahisa wa Kigoma hahitaji tena kutumia nauli inayozidi gawio lake la miaka mitatu ili kuhudhuria mkutano wa saa chache Dar es Salaam au Arusha.

Kilichopotea ni swali la pili. Kwenye ukumbi, mwanahisa akijibiwa nusu husema, "Mwenyekiti, sijajibiwa." Kwenye mtandao swali hutumwa kabla, hupokewa na katibu wa kampuni, hupangwa pamoja na mengine "yanayofanana", hulainishwa, kisha husomwa na mtu asiyeliuliza. Yaliyoachwa hakuna anayejua kwamba yaliulizwa. Kampuni imepata njia ya kuyaona maswali siku mbili kabla na kuchagua inayopenda, na imeita hiyo kuwa ushirikishwaji.

Njia nyingine zipo. Katika mikutano ya kampuni ya uwekezaji ya Berkshire Hathaway mjini Omaha, Marekani, kuanzia 2009 maswali ya wanahisa yalitumwa kwa waandishi wa habari, ambao waliyachuja na kuyauliza bila Warren Buffett, aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo, kuyaona kwanza. Mchujaji hakuwa mwajiriwa wa anayeulizwa. Ujerumani imekwenda mbali zaidi kwa sheria. Kifungu cha 131 cha sheria yake ya kampuni za hisa kinampa kila mwanahisa, hata mwenye hisa moja, haki ya kujibiwa na menejimenti kuhusu jambo lolote linalohitajika kuipima ajenda. Akinyimwa jibu, anaweza kudai swali lake na sababu ya kunyimwa viandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na kuna njia ya kwenda mahakamani.

5. Majibu hayaandikwi.

Bodi hujibu: "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Mwaka unaofuata kumbukumbu za mkutano husomwa, na mstari unaohusu maswali yote husema kwamba wanahisa waliuliza maswali mbalimbali na yakatolewa ufafanuzi. Ni nani aliuliza, aliahidiwa nini, na ahadi imefikia wapi? Mwanahisa makini hulazimika kuandika mwenyewe kwenye daftari.

6. Fomu za uwakilishi zinakusanya kura kwa ajili ya meza kuu.

Asiyeweza kufika hupewa fomu ya kumteua mwakilishi. Anayeisaini bila kujaza jina mara nyingi hujikuta amemkabidhi kura yake mwenyekiti wa mkutano, yaani mtu yuleyule ambaye utendaji wake unapigiwa kura. Maelezo ya hilo huwa chini kabisa ya fomu, kwa herufi ndogo.

7. Zawadi.

Japani iliwahi kuwa na kundi lililoitwa sokaiya, watu waliolipwa na kampuni ili mkutano mkuu umalizike haraka na bila maswali, au waliotishia kuuvuruga wasipolipwa. Sheria ilikuja kupiga marufuku malipo hayo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fulana na pilau si hongo na hakuna anayedai hivyo; mtu aliyetoka Singida alfajiri anastahili kula. Lakini mkutano ambao zawadi zake hugawiwa mwishoni, baada ya maswali, unamfanya kila muulizaji kuwa adui wa foleni. Wenzake humzomea akifika swali la pili. Wanaoupanga mkutano wanalijua hilo.

Hasara ya haya yote ni kubwa kuliko aibu ya mkutano mmoja. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, TOL, kwa matumaini kwamba Watanzania wa kawaida watamiliki uchumi wao. Mifuko ya hifadhi ya jamii imeweka fedha za wafanyakazi katika hisa hizihizi. Vikundi vya akiba vimeanza kununua. Mwekezaji mdogo ambaye haelewi kampuni yake inafanya nini huuza kwa hofu au husahau kabisa kwamba ana hisa, na mtaji wake unaofuata anaupeleka kwenye kiwanja. Kampuni zilizokosa maswali nazo hupata hasara, na wanahisa wao pamoja nazo. Yaliyowapata wanahisa wa kampuni ya uwekezaji ya NICOL, ambayo iliondolewa kwenye orodha ya soko mwaka 2011 na kurejea 2018, yanaonyesha mwenye hisa anabaki na nini soko linapofungwa mbele yake: cheti, na hakuna pa kukiuzia.

Kwa sababu hizo, bodi zinaombwa yafuatayo:

(a) Taarifa kamili ya mwaka iwekwe kwenye tovuti siku ileile tangazo la mkutano linapotoka, na mwanahisa apelekewe kiungo kwa ujumbe wa simu. Namba za simu kampuni nyingi zinazo; baadhi huzitumia kulipia gawio.

(b) Muhtasari wa Kiswahili uchapishwe pamoja nayo, ukijumuisha ripoti ya mkaguzi, mtiririko wa fedha, miamala na kampuni mama, na malipo ya wakurugenzi. Hotuba ya mwenyekiti inaweza kusubiri.

(c) Maswali yote yaliyotumwa kabla ya mkutano yachapishwe kama yalivyoandikwa, pamoja na majibu, ndani ya siku 14 baada ya mkutano. Lisilojibiwa liwekewe sababu. Sababu halali zipo, kama siri ya kibiashara au kesi iliyo mahakamani, na mwanahisa muungwana atazikubali zikiandikwa.

(d) Muulizaji wa mtandaoni apewe nafasi ya kuuliza tena kwa sauti yake mwenyewe, kama aliye ukumbini.

(e) Maswali yatengewe angalau saa moja, kabla ya kura na si baada yake. Zawadi, zikiwepo, zigawiwe asubuhi watu wanapojiandikisha.

(f) Semina ya wanahisa, ambayo benki moja au mbili tayari huifanya siku moja kabla ya mkutano, iwe desturi kwa kampuni zote, na mada yake iwe hesabu za mwaka huo badala ya faida za kuwekeza kwa ujumla. Watu hao wameshawekeza.

(g) Fomu ya uwakilishi ioneshe kwa herufi za kawaida, juu ya mahali pa saini, kwamba nafasi ikiachwa wazi kura inakwenda kwa mwenyekiti.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1994 kwa ajili ya kumlinda mwekezaji, inaombwa kuyaingiza (a), (c) na (g) katika miongozo yake ya utawala bora na kutangaza kila mwaka kampuni zilizotimiza na ambazo hazikutimiza. Mengine hayahitaji kanuni mpya. Kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba na mikutano yao huangukia Mei na Juni. Katibu wa kampuni mwenye nia anaweza kuyatekeleza yote kwa mkutano ujao, na gharama yake ni ndogo kuliko ya fulana.

Wasalaam,

Mwanahisa mdogo
Dar es Salaam